Hela ya lori la kuni na hela ya LUKU: niliyowaambia bodi na kamati za shule hapa Moshi

(Wengi mlikosa kikao cha Jumamosi, wengine mlikuwa msibani na wengine shambani, mkaniomba niandike nilichosema. Nimeandika kama nilivyoongea, zile picha za ukutani nimeziacha.)

Ndugu mwenyekiti, mheshimiwa diwani, walimu wenzangu, wajumbe wa bodi na kamati za shule, wazazi, na nyie wapishi mliokaa pale nyuma, nyie nawaomba msogee mbele maana leo ninayoongea mengi ni ya kwenu. Asanteni kwa kunipa nafasi. Nimefundisha miaka mingi, nimekuwa mkuu wa shule, sasa nimestaafu nalima ndizi zangu, ila kuna kitu kimoja nilitoka nacho ofisini na sijakiweka chini mpaka leo, nacho ni hela ya shule inavyopotea kwenye umeme na kuni. Ndicho nimekuja nacho.

Naanza na swali. Nani hapa anajua shule yake ilitumia uniti ngapi za umeme mwezi uliopita? Sijauliza shilingi ngapi, nimeuliza uniti. Nyoosheni mikono. Naona mkono mmoja. Mama mhasibu, hongera sana, nitarudi kwako.

Sasa nawapa kisa. Kuna kipindi shule niliyokuwa naiongoza umeme ulikuwa unaisha kabla ya mwezi kuisha. Tunanunua, unaisha. Tunanunua, unaisha. Siku moja umeisha saa mbili usiku watoto wa fomu foo wako prepu, mtihani wa taifa umebaki wiki mbili, wakasoma kwa tochi za simu za walimu. Nikakasirika, nikaanza kusaka wezi. Nikafikiri kuna mtu ana koili nyumba za walimu, nikafikiri jikoni kuna friji ya mtu, nikawa nazunguka usiku kama mlinzi. Sikupata koili wala friji. Aliyepata ni fundi bomba, tena alikuja kwa shida nyingine kabisa, akaniita, mwalimu njoo usikilize. Nikasimama chini ya simtanki saa nne usiku nikasikia maji yanamwagika kwenye majani. Floti imekatika. Tanki likijaa maji hayasimami, na pampu haijui kama limejaa, inavuta tu usiku kucha.

Pampu ile ilikuwa ya hosipawa mbili, inakula kama uniti moja na nusu kwa saa. Ikizunguka bure saa sita za usiku hizo ni uniti tisa. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, ukijumlisha na kodi, uniti moja ni shilingi 356. Zidisha. Ni zaidi ya elfu tatu kila usiku, karibu laki moja kwa mwezi, inamwagika kwenye majani. Floti yenyewe haikufika elfu ishirini.

Kilichoniuma hata sio ile hela, ni kwamba nilikuwa nimeshaandika barua mbili kuomba nyongeza ya fedha za umeme. Nilikuwa naomba hela ya kwenda kumwaga.

Kwahiyo ndugu zangu, kabla hatujaongea mikopo, kabla hatujaongea wafadhili na sola, daftari. Daftari la mistari, la kawaida kabisa. Kila Jumatatu asubuhi saa ile ile mtu anasoma mita na kuandika. Mpeni mwanafunzi wa fizikia na mwenzake, watasoma vizuri kuliko sisi. Mkifanya hivyo muhula mmoja mtajua shule inakula kiasi gani ikiwa na watoto na inakula kiasi gani watoto wakiwa likizo. Ile ya likizo ndiyo itawashtua. Watoto wapo nyumbani, madarasa yamefungwa, umeme unaenda wapi? Hapo ndio utaona pampu, utaona taa za koridoni ambazo swichi yake moja inawasha jengo zima kwahiyo hakuna anayezima, na utaona nyumba za walimu zilizounganishwa kwenye mita ya shule. Najua hili la mwisho linawakwaza walimu wenzangu na sisemi mwalimu akatiwe umeme, hapana, mwalimu anastahili nyumba na umeme. Nasema iwekwe mita ndogo pale katikati ijulikane shule imetumia ngapi na nyumba ngapi, alafu tuongee kama watu wazima nani alipe kipi. Bila hivyo hesabu zote ninazotaka kuwapa sasa hivi hazisimami.

Haya, taa. Shule nyingi za zamani bado zina zile tyubu ndefu za futi nne, za wati 36, zenye balasti, kile kidude cha kuwashia kinachoungurumaunguruma. Ukijumlisha na balasti moja inakula kama wati 45. Tyubu ya LED ya urefu ule ule inakula wati 18. Tuseme shule ya bweni ina tyubu 200, madarasa na mabweni na bwalo, zinawaka saa tano kwa siku. Za zamani zinakula uniti 45 kwa siku, za LED uniti 18. Tofauti ni uniti 27 kila siku, ambayo ni shilingi elfu tisa na mia sita hivi. Kwa siku 200 tu za masomo ni zaidi ya milioni moja na laki tisa.

Milioni moja na laki tisa ni nyingi au kidogo? Linganisheni. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ni 25,000 kwa mwaka, inayofika shuleni ni 12,500, nusu nyingine ni ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapata milioni saba na nusu. Yani akiba ya taa peke yake, taa tu, ni kama robo ya hela yote ya ruzuku inayoingia shuleni! Na huku tunahangaika chaki, karatasi za mitihani, vyoo.

Sasa mtu ataniuliza, mwalimu kama ni rahisi hivyo mbona hatufanyi? Ndio swali lenyewe. Sio ujinga, wakuu wa shule sio wajinga, wapishi ndio kabisa wanajua kuliko sisi wote. Tatizo ni hela ya kutanguliza. Tyubu 200 tuseme kila moja elfu nane ni milioni moja na laki sita, weka fundi na nyaya, milioni moja na laki nane. Mkuu wa shule anazitoa wapi kwa mkupuo? Hana. Ila ana elfu hamsini ya LUKU leo, ana elfu hamsini nyingine wiki ijayo, na nyingine tena. Kwahiyo ananunua ghali kila wiki kwa sababu hawezi kununua rahisi mara moja. Kila mama hapa ukumbini anakijua hiki kitu, ni sawa na kununua mafuta ya kupikia ya kupima kwenye kikombe pale Mbuyuni wakati mwenye hela ya dumu anapata nafuu.

Na hapa naomba niongee na wapishi. Jikoni ndiko nilikojifunza zaidi kuliko kwenye taa.

Mnajua serikali ilishakataza taasisi zinazopika kwa watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa, na mnajua kuna Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Nimeona macho ya wapishi wetu. Nimeona mama anakohoa kuanzia saa kumi alfajiri anachochea kuni mbichi kwa ajili ya uji wa watoto mia saba. Na msitu ule juu, mvua ya huku kwetu na mifereji ya vihamba vyetu, mashamba yetu ya nyumbani, inautegemea msitu ule, hilo sina haja ya kulirudia kwa watu wa Kilimanjaro.

Lakini sikilizeni kilichotokea shule moja, siitaji. Mfadhili alikuja akajenga jiko la gesi zuri sana, masufuria makubwa, mabomba, vigae ukutani, tukapiga picha na wapishi wakacheza. Mitungi ya kwanza ikatumika. Ilipoisha, jiko likafungwa, moshi ukaanza tena kule nyuma kwenye banda la zamani. Watu wakasema wapishi hawapendi gesi, wamezoea kuni. Sio kweli! Nilienda nikakaa na yule mpishi mkuu, mama mtu mzima, akaniambia mwanangu, mwenye lori la kuni anatukopesha, anamwaga kuni leo tunamlipa hela ikiingia, mwenye gesi anataka hela yake kwanza ndio ashushe mtungi. Basi. Hayo ndio maelezo yote. Shule inapata hela kwa mafungu, mara inachelewa mwezi, mara miwili, na watoto wanakula kila siku. Wa kuni anasubiri, wa gesi hasubiri.

Mfadhili alinunua jiko, hakununua subira. Nani alifikiria ile miezi miwili ya kusubiri? Hakuna. Pale palitakiwa kisanduku cha akiba, hela ya gesi ya miezi miwili imekaa pembeni, ruzuku ikiingia inarudishwa, inasubiri tena. Hela ndogo sana ukilinganisha na gharama ya lile jengo. Na mpaka leo nikiona jiko jipya la shule linazinduliwa swali langu ni hilo hilo, mtungi wa tatu nani analipia na kwa hela ipi?

Na kuna jambo lingine yule mama alinifundisha ambalo halina gharama hata senti. Makande. Maharage na mahindi ukiyaloweka usiku yanaiva mapema sana kuliko ukiyatia makavu asubuhi, nyie wote mnajua. Nyumbani tunaloweka, shuleni hatuloweki. Kwanini? Kwasababu mtunza stoo anafungua stoo asubuhi! Yani funguo ndio zinakula kuni. Badilisheni tu saa ya kutoa maharage, yatolewe saa kumi jioni, muone.

Haya, turudi kwenye hela ya kutanguliza. Shule ya serikali haiwezi kwenda benki kivyake ikakopa, mwenye uwezo huo kisheria ni halmashauri na nayo inahitaji kibali cha juu. Kwahiyo watu wanakata tamaa wanarudi kwa mfadhili. Mimi nasema kabla ya benki na kabla ya mfadhili kuna njia ambayo watu wa Moshi ndio wa mwisho kabisa kusema hatuijui. Babu zetu wakulima wa kahawa walianza chama chao 1925, mwaka 1933 ikawa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mtu mmoja mwenye kahawa yake kidogo hakuwa na sauti kwa mnunuzi, walipokaa pamoja wakawa na sauti. Chuo cha Ushirika kipo hapa hapa tangu 1963 na leo ni chuo kikuu. Na akina mama mliopo hapa, kibati mnacheza, mnachanga hela mnapeana kwa zamu, VICOBA vya kuweka na kukopa mnavyo. Si ndio? Basi nachokiomba ni kibati cha shule.

Shule 20, kila moja laki tatu. Ni milioni sita. Hizo zinabadilisha taa shule tatu kwa milioni moja na laki nane kila moja, inabaki laki sita kwenye mfuko. Shule zile tatu hazipewi bure, zinarudisha laki moja kila mwezi kwa miezi 18. Wanaumia? Hawaumii, kwasababu akiba yao ya umeme ukiigawa kwa miezi 12 ni kama laki moja na elfu sitini kwa mwezi, kwahiyo wanalipa laki moja, elfu sitini zinabaki kwao, kuanzia mwezi wa kwanza. Laki tatu zinaingia kwenye mfuko kila mwezi, miezi minne ukijumlisha na zile laki sita umepata milioni moja na laki nane nyingine, shule ya nne inaingia. Sasa zinaingia laki nne kila mwezi. Ya tano inakuja haraka zaidi. Mnaona inavyozunguka? Kazi ya taa ikiisha shule zote mfuko upo, unaenda kwenye pampu, unaenda kwenye kile kisanduku cha gesi.

Msiseme mwalimu ameota. Mji wa Stuttgart kule Ujerumani wanafanya hivyo tangu 1995. Ofisi ya mazingira ya mji inatoa hela ya kurekebisha shule na majengo mengine ya umma, alafu ile hela iliyookolewa kwenye bili inarudi kwenye mfuko mpaka gharama iishe, hela ile ile inaenda jengo lingine. Mji unajikopesha wenyewe. Wao mzigo wao mkubwa ni kupasha majengo joto wakati wa baridi, sisi wetu ni kuni, taa na pampu, lakini hesabu ni ile ile. Na kama mnataka ya karibu, jirani zetu Tanga, mamlaka yao ya maji mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani, yani walikopa kwa watu kwa ajili ya mradi unaotunza mazingira, wakatafuta shilingi bilioni 53.12 kwa wananchi na taasisi, na wakapata zaidi ya walizoomba. Sisemi sisi tuuze hatifungani kesho. Nasema kama Tanga wameweza mabilioni, shule 20 zinashindwa laki tatu tatu?

Mheshimiwa diwani, sasa naomba nikuangalie wewe, maana hili ni la kwako na nimelibeba muda mrefu.

Baada ya ile floti, na baada ya kuzima koridoni na kubadilisha taa za bwalo, shule yetu ilishuka sana matumizi. Nikafurahi, nikaandika kwenye ripoti kwa kujivunia kwamba tumeokoa kiasi fulani. Nilifikiri nitaambiwa hongera. Mwaka uliofuata fungu letu la umeme likapunguzwa kiasi kile kile. Shule ya jirani, ambayo taa zake zilikuwa zinawaka mchana kweupe, ikapata lile lile la zamani. Sikumchukia aliyefanya hivyo, alikuwa ana upungufu wake wa kuziba. Lakini walimu wangu walinitazama na mwalimu mmoja akaniuliza, sasa mkuu tulikuwa tunazima za nini? Sikuwa na jibu. Nasema kweli, sikuwa na jibu. Na mwaka ule taa zikaanza kusahauliwa tena.

Ndio maana nasema mfuko bila kanuni ni kujidanganya. Kanuni yenyewe ni fupi, mheshimiwa, inaenea kwenye karatasi nusu. Kilichookolewa na shule kinabaki shule, fungu lake halipunguzwi kwasababu imeokoa, angalau mpaka imalize kurudisha hela ya mfuko na miaka mitatu juu yake. Hamburg, Ujerumani hiyo hiyo, tangu 1994 walisema kwa shule zao, mkiokoa nishati kwa kubadilisha tabia, nusu ya hela ni ya shule mfanyie mnachotaka, nusu inarudi kwa mji. Nusu kwa nusu. Watoto wenyewe wakawa wanafuatilia madirisha na swichi kwasababu wanajua mpira mpya unatoka pale. Mimi nitaridhika hata na nusu. Lakini iandikwe, ipitishwe na baraza la madiwani, isiwe ahadi ya mdomo ya mkurugenzi mmoja maana wakurugenzi wanahamishwa.

Jambo dogo la sola, maana najua mtauliza, na kuna vijana wanapita mashuleni na karatasi zao za rangi. Sola ni nzuri. Ila anza na kupunguza. Zile tyubu 200 za zamani zikiwaka zote zinataka kilowati tisa, za LED zinataka tatu na nusu hivi. Betri na paneli za kubeba tisa na za kubeba tatu na nusu bei yake sio moja, ni mbali sana. Ukifunga sola kwenye taa mbovu na pampu isiyo na floti umekopa hela nyingi kununua upotevu ule ule. Na msisaini karatasi yoyote ambayo haisemi betri zikifa nani anabadilisha. Hata LED, chukueni zenye waranti ya maandishi na risiti, ziko za bei rahisi sana zinazoanza kupepesa kabla muhula haujaisha, na hizo hazirudishi hela ya mtu.

Mama mhasibu nilisema nitarudi kwako. Wewe ndio pekee hapa mwenye uniti. Naomba bodi yako ikuruhusu uwe mtunza hesabu wa kuanzia, tukiwa shule tano tu zenye daftari la muhula mzima tunaweza kukaa na mheshimiwa na afisa elimu na ile karatasi nusu mezani, na sio maneno matupu.

Madaftari yapo pale mlangoni kwa yule kijana wa shati la bluu, yako arobaini, nimeshachora mistari ukurasa wa kwanza: tarehe, saa, namba inayosomeka kwenye mita, uniti zilizonunuliwa, kuni au gesi iliyoingia. Kila shule ichukue moja. Jumatatu saa mbili asubuhi mnaandika namba ya kwanza, na wapishi naomba jioni ya Jumapili maharage yawe kwenye maji.